Ukuta Uliojua Sikukuu

Ninyi vijana wa kikundi chetu cha mafundi hapa Kayanga mliponiaga mlinipa zawadi ya brashi mpya. Niliwashukuru, ingawa mpaka leo sijaelewa: mtu anaacha kazi ya kupaka rangi, halafu anapewa brashi. Mke wangu ameichukua, anafagilia majivu jikoni. Siku hiyo hiyo mmoja wenu, ambaye nadhani alikuwa na kesi yake mwenyewe kifuani, aliniinamia sikioni akauliza: kazi ikiharibika baada ya kukabidhi, mzigo ni wa nani? Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Jibu refu ni hili. Habari za vyeo sitaziandika kwa kuwa sikuwa navyo, na za malipo mnazijua wenyewe, tena wengine mnazijua kuliko wake zenu.

Nilianza kazi mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita ya Kagera. Aliyenichukua alikuwa Ta Leopoldi, mkandarasi mdogo aliyetoka Bukoba akaoa huku kwetu. "Ta" ni neno letu la heshima kwa mtu aliye sawa na baba, na kwake lilikaa vizuri, maana alikuwa na kitambi cha wastani na uso wa mtu anayesubiri uongo umalizike ndipo ajibu. Kazi yetu ya kwanza pamoja ilikuwa nyumba ya mwalimu huko Chonyonyo. Nilifika asubuhi na kaptula ya kazi, nikadhani nitapewa brashi. Akaniambia niweke viganja ukutani, chumba hadi chumba, pembe hadi pembe, chini mpaka juu, kisha ninuse, kisha nikwaruze kwa msumari. Siku nzima sikugusa rangi. Jioni akaniuliza ukuta umeniambia nini. Nikasema haukusema kitu. Akasema basi kesho nitaendelea kusalimiana nao.

Nilidhani ananichezea. Siku ya pili nikaanza kuhisi tofauti: pembe moja ilikuwa baridi kuliko nyingine, na msumari ulizama pale kama kwenye ugali. Juu yake bati lilikuwa na tundu. Tulilikarabati bati kwanza, rangi ikangoja. Toka siku ile nikawa mtu wa kuuliza-uliza, na tabia hiyo imenipatia kazi nyingi na kuninyima chache.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki ya bidhaa, mnaosoma shuleni mmesikia. Rangi ilikuwa adimu, tapentaini tukaisahau hata harufu yake, tukawa tunachanganyia mafuta ya taa, yakipatikana. Brashi iliyonyonyoka nywele tuliifunga uzi, ikinyonyoka tena tunaifunga tena, mpaka inabaki uzi na mpini. Tegemeo letu lilikuwa chokaa. Unaimwagia maji ndani ya pipa, inatokota yenyewe bila kuni, unasimama mbali kulinda macho yako, unaiacha ilale, unaichuja kwa gunia, unatia chumvi kidogo ili isichafue migongo ya watu wanaoegemea. Mafundi wa sasa mnaidharau chokaa. Subirini, nitaitetea mbele ya safari.

Kule Igurwa tulipaka kanisa la kigango kwa makopo ya kijani yaliyopatikana kwa vipindi viwili. Makopo yalikuwa na jina moja na rangi mbili. Hatukuyachanganya pamoja kabla ya kuanza, na kanisa likatoka nusu kijani cha majani ya maharage, nusu kijani cha bwawa. Ubishi ulipozidi, katekista akatangaza kwamba upande uliokolea ni wa wanaume. Waumini waliridhika, lakini Ta Leopoldi hakuridhika. Rangi ilipopatikana tena alirudi, akapaka upya lote, bila kuitwa na mtu. Alikuwa na desturi yake ambayo sikuiona kwa mkandarasi mwingine: akikabidhi nyumba alimwambia mwenyewe, "Nitakuja kuiangalia baada ya mvua mbili." Maana yake masika na vuli. Na alikuja kweli, na koti lake la kijivu, akapapasa kuta za watu huku wao wakimwekea kahawa.

Sasa twende Kibingo. Siku hizo wilaya ya Kyerwa, iliko Kibingo, ilikuwa bado ndani ya Karagwe, na Kibingo tulikwenda kwa lori la mtu au kwa miguu ya Mungu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mwenye duka mmoja, Bwana Kaijage, mtu wa Muleba, alikuwa amenunua kibanja pale chenye migomba na kahawa na nyumba ndogo ya zamani. Akaiongezea sebule kubwa ya tofali za kuchoma. Ta Leopoldi alichukua kazi yote ya kumalizia, lipu na rangi. Kwa lipu alimwajiri mtu aliyekuwa akiishi pale pale, Ndayizeye, mwenye asili ya Burundi, aliyepewa na Kaijage kipande cha kujenga kibanda na kulima chakula, naye akamfanyia Kaijage vibarua vya shamba. Mkono wake kwenye mwiko ulikuwa mzuri. Alilainisha ukuta taratibu huku akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani, na saruji, ambayo wakati ule ilikuwa kama dhahabu, aliichota kwa uangalifu mpaka nikachoka kumtazama.

Tulipaka kama ilivyokuwa mtindo: chokaa juu, na chini mpaka usawa wa kifua rangi ya mafuta, ya kahawa ya maziwa, ili mikono ya watoto na migongo ya wageni isiache alama. Mke wa Kaijage, Ma Yustina, aliipenda akaifuta kwa kitambaa hata kabla haijakauka, tukarudia kipande kile. Nje hatukupaka. Kaijage alitaka tofali zake zionekane, watu wajue zimechomwa.

Haikupita mwaka tukaitwa. Ukuta mmoja wa sebule, ule wa nyuma, rangi ya mafuta ilikuwa imevimba malengelenge ikabambuka, kuanzia sakafuni mpaka magotini. Kuta nyingine tatu zilikuwa salama kabisa. Ta Leopoldi aliweka kiganja: ukuta mkavu, baridi, mtulivu. Tulikwangua, tukapiga msasa, tukapaka upya kwa gharama yetu. Ulikaa vizuri miezi mingi. Kisha ukavimba tena. Tukarudi tena, tukaukuta tena mkavu na mtulivu, tukapaka tena. Katika kazi yangu yote sijaona ukuta uliotuchezea hivyo. Ulikuwa kama mtoto anayelia mama akitoka na kunyamaza mama akirudi.

Mimi nilianza kuupenda, nakiri. Njiani nilikuwa nikimchosha Ta Leopoldi kwa dhana. Maji yanapanda toka chini? Mbona kuta nyingine hayapandi, na kibanja kizima kiko juu ya mteremko? Rangi mbovu? Ilikuwa kopo moja kwa kuta zote. Yeye alitikisa kichwa tu, na kwa mara ya kwanza nilimwona hapendi kazi yake. Maana watu wa Kibingo walishaanza kusema, na mkandarasi huishi kwa kinywa cha watu.

Mara ya tatu Kaijage hakutuma ujumbe wa upole. Binti yake mkubwa alikuwa anaagwa kwenda kuolewa Bukoba, wakwe walikuwa njiani, na ukuta ulikuwa umeanza kuvimba. Tulipofika tulimkuta uani na balozi wa nyumba kumi na wazee kadhaa wa jirani. Baada ya shikamoo na marahaba, Kaijage alisema mbele ya wote kwamba amelala na jambo hili na amelielewa. Rangi haina kosa, lipu ndiyo mbovu. Ndayizeye aliiba saruji, akajaza ukuta mchanga. Aliyekuwa anakula shamba lake amemwibia ndani ya nyumba yake, na akishathibitika, yeye na mke wake na watoto wahame kabla mahindi hayajakomaa. Kesho yake baada ya misa watu wakutane tena, mkandarasi aseme neno lake, balozi aamue.

Ndayizeye alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Aliulizwa kama ana la kusema. Akasema hana.

Kisha Kaijage akamvuta Ta Leopoldi pembeni, nami nilikuwa karibu nikasikia. Alimwambia hana ugomvi naye, kwamba neno moja tu linatosha, lipu, na kwamba ana duka pia litakalohitaji rangi. Ta Leopoldi alijibu kwamba fundi hasemi kabla hajajua. Kaijage akamwambia basi ajue haraka.

Tukaingia sebuleni, mlango ukafungwa. Hapo ndipo nilipomwona mzee wangu akifanya kazi. Alichukua msumari akakwaruza lipu pale ilipobambuka: msumari ulipiga kelele, lipu ikatoa unga mdogo tu. Akakwaruza ukuta mzuri wa pembeni: kelele ile ile, unga ule ule. Akaloanisha kitambaa akakamulia maji pande zote mbili, tukatazama yanavyonywewa. Yalinywewa sawasawa. Akauliza, kana kwamba anauuliza ukuta, ni mwizi gani huyu anayeiba saruji ya ukuta mmoja, tena ya kuanzia magotini kushuka chini, akaacha iliyobaki. Nilicheka, yeye hakucheka. Lipu haikuwa na kosa. Lakini kujua kisichokuwa kosa si kujua kosa, na balozi angetaka kujua kosa.

Ma Yustina alituletea uji. Alikuwa amekasirika, si na sisi wala na Ndayizeye, bali na ukuta wenyewe, kwa vile wakwe wangekaa mbele yake. Alisema kwa kejeli kwamba ukuta huu una masikio, unajua sikukuu. Nikamuuliza ana maana gani. Akahesabu kwa vidole: mara ya kwanza ulimwaibisha Krismasi, mara ya pili ubatizo wa mtoto wa mdogo wake, na sasa send-off. Siku za kawaida unakaa kimya kama mtawa. Wageni wakikaribia, unaota malengelenge.

Nilisahau uji. Mara zile mbili sisi tulikuja baada ya sherehe kupita, wageni wameondoka, na ukuta umepoa. Leo kwa mara ya kwanza tulikuja kabla. Nikaweka kiganja chini, karibu na sakafu, pale nilipofundishwa kuanzia, na ukuta ulikuwa na joto. Joto la mkate uliotolewa muda kidogo. Nikamwita Ta Leopoldi, akaweka chake. Alinitazama, kisha akatoboa lengelenge moja kwa ncha ya kisu. Yakatoka maji. Akapaka maji yale kidoleni akanusa, akaninusisha.

Yalinuka moshi na ndizi mbivu.

Ma Yustina alipoona tunanusa ukuta alitaka kujua kama tuna njaa. Tulitoka nje, tukazunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo katika kazi yote hatukuwahi kukanyaga kwa sababu hatukuwa na la kupaka huko. Chini ya ukingo wa bati, karibu kabisa na ukuta, palikuwa na kichuguu cha udongo kilichofunikwa majani ya mgomba, na moshi mwembamba ukitoka kwenye tundu la pembeni. Shimo la kuivishia ndizi za pombe.

Kwa ninyi mliozaliwa kwenye bia za chupa: rubisi haiji hivi hivi. Ndizi hulazwa shimoni juu ya majani, shimo likiwa limepashwa moto, zinafunikwa, moshi na joto vinaachwa vifanye kazi siku kadhaa mpaka ziive zote kwa pamoja, ndipo zikamuliwe. Shimo zuri likishazoea moto watu hawalihami. Lile la Kaijage lilikuwa pale tangu enzi za aliyemuuzia kibanja, na rubisi yake ilisifiwa mpaka Nkwenda. Alipoongeza sebule, ukuta ulisogea mpaka ukalifikia shimo, na shimo likabaki pale pale. Kila sherehe ilitaka rubisi, kila rubisi ilitaka shimo. Joto na mvuke viliingia kwenye tofali, vikapita kwenye lipu, vikafika kwenye rangi ya mafuta ambayo haipitishi kitu, vikaisukuma. Chokaa ingeviachia njia. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo sababu niliwaambia msiidharau.

Nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kukimbia nimwite Kaijage na balozi na kijiji kizima waje wanuse. Ta Leopoldi akanishika mkono, akasema kwanza tumwone Ndayizeye.

Tulimkuta kwenye maharage yake, anapalilia. Mkewe alikuwa mlangoni amefunga vyombo kwenye shuka. Ta Leopoldi alimwamkia, akamwambia lipu yake ni nzuri na kwamba tumeliona shimo. Ndayizeye hakuonyesha kushangaa. Aliendelea kushika jembe lake.

"Ulijua?" Ta Leopoldi akamuuliza.

"Nilijua, Mzee. Siku za kupiga lipu nilimwambia Bwana lile shimo liko karibu mno. Akasema shimo lilikuwepo kabla ya nyumba."

"Na leo umeitwa mwizi mbele ya watu. Mbona hukusema?"

Ndayizeye aling'oa gugu moja, akalitupa nje ya maharage. "Nikisema kosa ni la Bwana, nahama," akasema. "Nikinyamaza naitwa mwizi, labda nahama, labda nakaa. Nikachukua ile yenye labda."

Furaha yangu iliniishia pale pale shambani. Niliona aibu, nisijue naiona kwa niaba ya nani. Nilikuwa nimeshangilia ukuta kama kitendawili, na kumbe kitendawili kilikuwa na watu ndani yake wanaofunga vyombo. Ta Leopoldi hakumwambia neno la kumfariji. Alimwomba tu kesho asikose kuja, akamwambia mkewe afungue ule mzigo, watoto watataka sufuria jioni.

Usiku ule tulilala kwa katekista, na asubuhi tulisali pamoja na watu wote. Baada ya misa tulikutana uani kwa Kaijage. Balozi aliketi katikati, wazee wakapanga mabenchi, vibuyu vya rubisi ya zamani vikapita, kwa maana kwetu hata kesi haiendi kinywa kikavu. Mimi nilikuwa na hotuba yangu tumboni, ya shimo na mvuke na malengelenge. Ta Leopoldi alikuwa ameniagiza nisiitoe.

Alisimama, akavua koti.

"Mkandarasi ni mimi," alisema. "Lipu ni kazi yangu na rangi ni kazi yangu. Aliyeshika mwiko nilimwajiri mimi, na alipiga lipu nzuri kuliko nyumba nyingi nilizopaka Bukoba. Anayetaka aje na msumari ajaribu. Saruji yote iko ukutani. Kosa ni la rangi. Ukuta una pande mbili, mimi nilipaka upande mmoja na ule wa pili sikwenda hata kuujulia hali. Nikaweka rangi ya mafuta mahali pasipofaa. Kazi niliikabidhi mimi, na ubaya wake ni wangu. Leo nitakwangua, nitapaka chokaa, na wageni watakuta ukuta mzima."

Balozi, ambaye hakuwa mjinga, akauliza upande wa pili kuna nini.

"Kuna joto kidogo, waitu," Ta Leopoldi akajibu kwa neno letu la heshima, akaketi.

Lakini moshi hauna adabu. Ulikuwa ukipanda nyuma ya nyumba, mwembamba, unaonekana juu ya bati, na mzee mmoja akaufuata kwa macho, kisha mwingine, kisha benchi zima. Mmoja akaangalia ndani ya kibuyu chake akatabasamu peke yake. Kaijage aliufuata moshi ule mwisho wa watu wote. Nilimtazama usoni, nikasubiri kuona atachagua nini, kwa sababu sasa alikuwa na njia mbili na zote zilikuwa wazi: angeweza kulichukua kosa ambalo mkandarasi amejitwika, akamrudishia Ndayizeye, au angeweza kuliacha lilipo. Alikohoa. Alitengeneza kola ya shati lake la Jumapili.

"Ndayizeye," akasema, bila kumtazama. "Rubisi hii ikishatolewa, uje unionyeshe tulihamishie wapi hilo shimo."

Ndayizeye akasema, "Ndiyo, Bwana." Akavaa kofia yake. Balozi akasema kwa upande wake haoni kesi, na kibuyu kikaendelea na safari.

Tulikwangua ukuta mchana ule ule, tukaupaka chokaa mpaka sakafuni. Ulionekana kama mtu aliyevaa suruali nyeupe kati ya watu waliovaa za kahawia, na Ma Yustina akautundikia vitambaa vyake vyote vya kufuma. Nasikia wakwe waliuliza mtindo huo unatoka wapi, naye akawaambia Bukoba.

Tukiwa njiani kurudi nilimgombeza mzee wangu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimwambia amejipaka matope bure. Shimo ni la Kaijage, onyo alipewa Kaijage, mkaidi ni Kaijage, na haki ni haki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliniachia nikamaliza.

"Ningemshinda Kaijage mbele ya watu," akasema. "Sawa. Sisi tungepanda lori. Jioni Kaijage angemshinda nani?"

Akaongeza, kama anayenipa maelezo ya kuchanganya rangi, kwamba asingesema lile neno kama lingekuwa uongo. Hakujitwika kosa la mtu, alijitwika lake. Mwenye nyumba hajui mvuke unafanya nini kwenye rangi ya mafuta, kazi ya kujua ni ya anayeleta kopo. Kuuliza si ujinga, na kutokuuliza, kwa mtu aliyechukua kandarasi, hakuna jina jingine isipokuwa kosa. Tangu hapo, kila nilipopewa nyumba, kabla ya kufungua kopo nilizunguka nje, nikamuuliza mama wa nyumba anapika wapi, anaanika nini, anaoshea wapi, anaivisha wapi. Wengine walidhani nataka kualikwa chakula. Mara nyingine nilialikwa.

Ta Leopoldi alipumzika kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, miguu ikiwa imemkataa, akaniachia ngazi na wateja. Mmoja wa wateja hao alikuwa Kaijage, aliyetaka duka lake lipakwe. Nilikwenda Kibingo nikiwa sasa mimi ndiye mkandarasi, na nikamkuta amenenepa na mkarimu, asiyependa kuongelea sebule. Nilichungulia: chokaa ilikuwa imetulia. Jioni ya kwanza nilishuka mteremko kumsalimu Ndayizeye.

Mnajua desturi yetu. Anayekaa kwenye kibanja cha mwenzake anaweza kupanda maharage, mahindi, viazi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hapandi. Mgomba unaishi kuliko aliyeupanda, na kuupanda kwenye ardhi ya mtu ni kusema mimi siendi popote. Miaka yote niliyomjua Ndayizeye nyumba yake ilisimama kwenye jua, bila jani moja la mgomba juu yake.

Siku ile sikuiona nyumba mpaka nilipofika mlangoni. Migomba ilikuwa imeizunguka, mirefu, mingine imetegemezwa fito kwa uzito wa mikungu. Ndayizeye alitoka, tukaamkiana, naye akaniona ninavyotazama. Akaniambia kwamba baada ya msimu mmoja hivi tangu ule mkutano, Bwana alikuja asubuhi, mwenyewe, peke yake, amebeba machipukizi ya migomba begani na udongo umemchafua shati. Akayatua chini mbele ya mlango. Akasema habari za asubuhi, akageuka, akapanda zake mlimani.

"Siku kadhaa sikuyagusa," Ndayizeye akaniambia. "Nilidhani amesahau mzigo wake. Nikawa nayamwagia maji, nikamtunzia."